Maabara ya serikali au ya binafsi: namna ya kupanda kila upande, na namna ya kuvuka

Mteknolojia wa maabara anapomaliza chuo anakuta njia mbili mbele yake: kusubiri tangazo la serikali, au kuingia maabara binafsi iliyo tayari kumpokea Jumatatu. Wengi hupima kwa mshahara wa kuanzia, na hapo ndipo wanapokosea. Jambo la kuuliza ni nini kitakachokupandisha. Serikalini unapandishwa na faili: tarehe, barua, muhuri, nafasi kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa. Binafsi unapandishwa na kazi ambayo mwajiri mwingine angekubali kuilipia. Anayekwama mara nyingi ni hodari tu, ila anatumia mbinu za upande mmoja akiwa upande wa pili. Yupo mtumishi mchapakazi ambaye barua yake ya kuthibitishwa haijawahi kuingia kwenye faili, na yupo mwajiriwa wa binafsi anayesubiri miaka impandishe.

Maelezo haya ni ya maabara za afya Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake wa utumishi na mfuko wake wa hifadhi ya jamii, ZSSF.

Hatua ya 1: Usajili kwanza, pande zote mbili

Kabla ya kuomba kazi popote, hakikisha Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya limekusajili na leseni yako iko hai. Cheti cha usajili na leseni ni vitu viwili tofauti. Usajili unasema wewe ni nani, leseni inasema unaruhusiwa kufanya kazi sasa. Wapo wanaokatwa kwenye mchujo wakiwa na cheti kizuri cha usajili na leseni iliyokwisha muda.

Leseni huhuishwa kwa ada pamoja na alama za mafunzo endelevu. Alama hizo zikusanye mwaka mzima. Kila semina, mafunzo ya usalama au mafunzo ya mashine mpya, dai cheti chenye jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, na upige picha siku hiyohiyo. Mwenye shahada amalize kwanza mwaka wa mafunzo kazini na kupata barua yake, maana usajili kamili unautegemea.

Jambo la jina lichukulie kwa uzito. Kama cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha kidato cha nne matatu na cha chuo yamegeuzwa, nenda kwa wakili ukatengeneze hati ya kubadilisha jina na uisajili sasa. Ukisubiri kuitwa kwenye usaili umechelewa.

Hatua ya 2: Pima ofa kwa hesabu

Chukua mshahara wa msingi wa shilingi 1,000,000 pande zote mbili, kwa mtu anayedaiwa na Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu.

Serikalini, PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inakata asilimia 5, yaani 50,000, na mwajiri anaweka asilimia 15. Bima ya afya ya NHIF ni asilimia 3, yaani 30,000. Bodi ya Mikopo ni asilimia 15, yaani 150,000. Kodi inatozwa kwenye 950,000 iliyobaki baada ya mchango wa pensheni: 270,000 za mwanzo hazitozwi, 250,000 zinazofuata zinatozwa asilimia 8, halafu 240,000 asilimia 20, na 190,000 za mwisho asilimia 25. Jumla ni 115,500. Mkononi zinabaki 654,500, na bima ya afya imo ndani.

Binafsi, mchango wa pensheni wa NSSF kwa kawaida ni asilimia 10 kwako na 10 kwa mwajiri, kwa hiyo zinatoka 100,000. Bodi ni 150,000 ileile. Kodi inatozwa kwenye 900,000 na inakuwa 103,000. Mkononi zinabaki 647,000, bila bima.

Sasa tuseme maabara binafsi inakuahidi 1,200,000. Kwa hesabu ileile, NSSF ni 120,000, Bodi 180,000 na kodi 152,000. Unabaki na 748,000. Laki mbili za kwenye barua zimekuongezea 93,500 mkononi, na bima hujalipia. Halafu angalia saa. Serikalini wiki ya kawaida ni saa 40; binafsi sheria inaruhusu hadi 45, na waajiri wengi wanazitumia zote. Gawa kwa saa za mwezi, 173.3 upande mmoja na 195 upande wa pili: serikalini unalipwa kama 3,777 kwa saa, binafsi kama 3,836. Tofauti haifiki shilingi 60 kwa saa.

Hesabu hii haisemi binafsi ni pabaya. Inaonyesha tu kwamba nyongeza ya asilimia 20 haitoshi kuwa sababu peke yake. Kama unaenda binafsi, iwe kwa sababu ya mashine utakayojifunza, kitengo utakachoongoza au mwajiri atakayekulipia mafunzo. Kama ni fedha tu, omba kiasi kinachobaki kikubwa baada ya makato.

Hatua ya 3: Kuingia serikalini

Milango iko zaidi ya mmoja. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutangaza nafasi kwenye Ajira Portal, na Wizara ya Afya na TAMISEMI zimewahi kupokea maombi ya kada za afya kwenye mifumo yao zenyewe. Usiangalie mmoja ukasahau mingine. Kumbuka pia kwamba serikali si hospitali tu. Mkemia Mkuu wa Serikali, TMDA (dawa na vifaa tiba), TBS (viwango), NIMR (utafiti wa tiba) na maabara ya veterinari TVLA nazo zina maabara. Kabla ya kuomba huko, soma ngazi ya mshahara kwenye tangazo, kwa sababu taasisi kadhaa zina miundo yao ya mishahara tofauti na ile ya halmashauri.

Kwenye hospitali na halmashauri utakuta ngazi zinazoanza na TGHS, ikifuatiwa na herufi. Herufi inaonyesha daraja. Namba inayofuata herufi ni hatua ndani ya daraja hilo, inayosogea kwa nyongeza ya mwaka. Kupata nyongeza na kupanda daraja ni mambo mawili tofauti. Mtu anaweza kusogea namba miaka mingi huku herufi haibadiliki.

Maombi mengi hufia kwenye viambatisho. Barua ya maombi iwe na saini. Vyeti vithibitishwe na mwanasheria au wakili. Hati za matokeo ya kidato cha nne na sita, matokeo ya muda na barua za chuo za kueleza matokeo hazipokelewi badala ya cheti. Aliyesoma nje ya nchi apeleke vyeti vyake vikahakikiwe NECTA, TCU au NACTVET mapema, kwa kuwa kazi hiyo haimaliziki ndani ya siku 14 za tangazo. Faili liwe jepesi na lisomeke. Cheti kilichopigwa picha kwenye kitanda chenye kivuli cha simu hakimsaidii mtu.

Umri wa kuomba ajira ya kudumu mara nyingi umewekewa kikomo cha miaka 45. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na pensheni ya kila mwezi inahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15 kamili. Anayeingia akiwa na 44 ana nafasi ya mwaka mmoja tu wa kuteleza: likizo bila malipo au michango isiyopelekwa inaweza kumkosesha.

Kwenye usaili kuna mchujo wa maandishi, na kwa kada hii mara nyingi vitendo kabla ya mahojiano. Jiandae kwa vitu vya benchi: kupaka slaidi ya malaria nene na nyembamba, kupaka rangi ya Giemsa, kuhesabu vimelea, kanuni za usalama na namna ya kukataa sampuli mbaya. Ukifaulu nafasi zikakosekana, jina hubaki kwenye kanzidata, hivyo usibadilishe namba ya simu uliyojaza.

Hatua ya 4: Miaka mitatu ya kwanza, na faili lako

Ukiripoti unaanza kipindi cha majaribio cha miezi 12. Hapa ndipo watu wanapopoteza miaka bila kujua. Kuthibitishwa hakuji kwenyewe. Mwezi wa 11 mwandikie mwajiri kupitia mkuu wa maabara na mganga mfawidhi, ukikumbusha tarehe ya kuripoti. Barua ya kuthibitishwa ikitoka, hakikisha nakala imeingia masijala na afisa utumishi ameingiza taarifa kwenye mfumo. Bila barua hiyo hupandi daraja, huruhusiwi kwenda masomoni, na kwenye tange, yaani orodha ya watumishi kwa ukuu wa kazi, unakaa mahali pasipo pako.

Mlolongo wa vyeo ni Daraja la II, kisha la I, kisha Mwandamizi, kisha Mkuu. Muundo wa maendeleo ya utumishi unataja miaka ya chini ya kukaa kila daraja, mara nyingi mitatu. Soma neno "ya chini" kwa makini: kutimiza miaka kunakupa sifa ya kufikiriwa. Cheo chenyewe kinahitaji utendaji mzuri kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, nafasi kwenye ikama na fedha kwenye bajeti. Kuanzia 2016 upandishaji ulisimamishwa kwa ajili ya uhakiki wa watumishi, ukaja kushika kasi tena 2021. Waliokuwa na barua zao kamili ndio waliokuwa rahisi kushughulikiwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Weka malengo yako kwenye PEPMIS mwanzoni kabisa, na yaandike yapimike. "Kufanya kazi za maabara kwa ufanisi" halina uzito. "Kutoa majibu ya hemoglobini ndani ya saa moja kwa wagonjwa wa nje, na kuweka kumbukumbu za kontroli kila siku" lina uzito; kontroli ni sampuli yenye thamani inayojulikana, inayopimwa kukagua mashine. Jaza utekelezaji wiki kwa wiki na mkumbushe msimamizi aidhinishe, kwa maana kazi isiyoidhinishwa kwenye mfumo inahesabika kama haijafanyika. Kabla ya mwisho wa mwaka wa kalenda, bajeti ya mwaka unaofuata inapoandaliwa, nenda kwa afisa utumishi uulize swali moja: "Jina langu limo kwenye orodha ya wanaostahili kupanda?" Kama halimo, uliza kinachokosekana na ukipeleke wiki hiyo.

Cheo kikipanda mshahara ukachelewa kubadilika, andika madai ya malimbikizo ukiambatisha barua ya kupandishwa na hati za mshahara za miezi husika. Madai ya mdomo hayana mahali pa kuwekwa.

Tahadhari juu ya mikopo. Mwenye ajira ya kudumu na malipo ya uzeeni hupokelewa vizuri benki, na makato yanaruhusiwa hadi ibaki theluthi moja ya mshahara. Anayekopa hadi theluthi hiyo katika mwaka wa pili anafunga mlango wa masomo, na kuvuka kwenda binafsi ndiyo kabisa.

Hatua ya 5: Masomo yasiyopotea

Kutoka stashahada kwenda shahada ndiyo njia ya uhakika zaidi ya kuruka ngazi serikalini, kama taratibu zitafuatwa. Jina liingie kwanza kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri. Halafu omba ruhusa kwa maandishi ukiambatisha barua ya udahili, na usiondoke kituoni kabla ya kupewa barua ya ruhusa. Wanaosoma kimyakimya jioni au kwa kuchukua likizo za hapa na pale hurudi na shahada isiyotambuliwa kwenye faili, na kubadilishiwa kada kunagoma.

Hata mwenye ruhusa asubiri: kubadilishiwa kada kunahitaji nafasi kwenye ikama. Ukirudi peleka cheti, usajili mpya wa Baraza na barua ya kuripoti siku ileile. Ukiona mshahara wa kuanzia wa kada mpya ni mdogo kuliko uliokuwa ukipata, omba mara moja ubaki na mshahara wa zamani kama mshahara binafsi, yaani wako wewe peke yako. Hilo linahitaji kibali, hivyo liandikwe kwenye barua ya kwanza.

Hatua ya 6: Binafsi, mkataba halafu kumbukumbu za kazi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ndiyo ngao yako. Dai maelezo ya maandishi yenye kazi, mahali, saa, mshahara, tarehe ya kuanza na aina ya mkataba. Likizo ya mwaka ni siku 28. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu na hazizidi 50 katika wiki nne. Sikukuu inalipwa mara mbili. Kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5. Kwa mshahara wa 1,200,000, saa moja ya kawaida ni 1,200,000 gawanya kwa 195, yaani 6,154, na ya ziada ni 9,231. Kama mkataba unasema "saa za ziada zimejumuishwa", hesabu upya uone unalipwa nini hasa. Ajira ikikatwa isivyo haki, malalamiko yanapelekwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana kinga hiyo ya kukatwa isivyo haki.

NSSF ikague mwenyewe kila baada ya miezi mitatu. Hati ya mshahara inaweza kuonyesha makato huku mfuko haujapokea kitu. Kugundua mwezi wa tatu ni barua moja. Kugundua mwaka wa nne ni kesi.

Kazi za miradi ya wafadhili zina mishahara mizuri na mwisho usiotabirika. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watu wengi wa miradi ya VVU walijikuta bila mkataba. Ukiingia huko, weka akiba ya miezi sita na leseni isilale.

Kupanda binafsi kunatoka kwenye mambo matatu: mashine unayoimudu, kitengo unachoweza kukisimamisha peke yako, na ubora. Hilo la tatu ndilo lenye bei kubwa na watu wachache. Maabara inayotaka ithibati ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba, ambayo kwa kawaida maabara za hapa huiomba SADCAS, chombo cha ithibati cha nchi za SADC, inahitaji mtu anayeandika taratibu, anayekagua ndani na anayefunga dosari kwa ushahidi. Maabara iliyo kwenye nyota za SLIPTA, mpango wa WHO Afrika wa kupima ubora wa maabara, zinazoanza kwenye asilimia 55 na kufika nyota tano kwenye asilimia 95, inamhitaji mtu huyohuyo. Anza na kitu kidogo: omba uwe msimamizi wa kumbukumbu za kontroli za kitengo kimoja.

Hivi ndivyo kumbukumbu inayokuuza inavyoonekana:

12/3, saa 1:40 asubuhi. Glukosi, kontroli ya juu: 15.2. Wastani 14.2, SD (kiasi cha mtawanyiko) 0.3, kikomo cha juu 15.1. Majibu ya wagonjwa yamesimamishwa. Chupa ya kontroli imefunguliwa siku 9, mtengenezaji anaruhusu 7. Chupa mpya: 14.3. Sampuli 6 zilizopimwa tangu kontroli ya mwisho kukubalika zimerudiwa, hakuna iliyotofautiana. Kazi imeendelea saa 2:25.

Ukilinganisha na "kontroli ilikataa, ikarudiwa, ikakubali", tofauti ni ya kutosha kumfanya meneja yeyote asimame. Maandishi ya kwanza yana sababu, ulinzi wa mgonjwa na muda. Ya pili yanaficha kosa, kwani kurudia kontroli hadi ikubali hakuelezi kwa nini ilikataa. Kumbukumbu ni mali ya maabara, kwa hiyo usiondoke nazo wala na taarifa za mgonjwa. Beba orodha yako mwenyewe: mashine, miezi uliyoitumia, taratibu ulizoandika, dosari ulizofunga, watu uliowafundisha. Kila miezi 12 ipeleke kwa meneja pamoja na ombi la cheo au mshahara lililoandikwa. Asipojibu ndani ya miezi mitatu, orodha hiyohiyo inafaa kwa mwajiri mwingine, au kwa kampuni za mashine na vitendanishi zinazotafuta wakufunzi wa watumiaji.

Usikubali kukodisha cheti. Maabara binafsi husajiliwa na Bodi ya Maabara Binafsi za Afya ikiwa na msimamizi mwenye sifa. Jina lako likiwa ukutani ilhali wewe hupo, majibu mabaya ya pale ni yako. Mtumishi wa umma anayefanya deiwaka jioni asiruhusu jina lake litumike hivyo.

Hatua ya 7: Kuvuka

Kutoka binafsi kwenda serikalini, vuka mapema. Nafasi nyingi zinazotangazwa ni za kuingilia, na mwenye uzoefu wa miaka kumi anaanza Daraja la II kama aliyetoka chuo. Kama tangazo lina nafasi ya juu inayotaja uzoefu, ambatisha barua za waajiri zenye tarehe za kuanza na kumaliza. Tunza pia namba yako ya NSSF hata baada ya kupewa ya PSSSF.

Kutoka serikalini kwenda binafsi, usitoweke. Kutokuwepo kazini bila ruhusa zaidi ya siku tano ni kosa linaloweza kukufukuzisha kazi, na rekodi hiyo inakufuata kila unapoomba tena utumishi wa umma. Omba likizo bila malipo kama unataka kujaribu, au andika barua ya kuacha kazi na usubiri jibu. Kabla ya hapo malizana na benki kuhusu mkopo uliofungwa kwenye mshahara, na angalia kama bado unatumikia masharti ya ruhusa ya masomo.

Na kama shida ni kituo tu, hupaswi kuomba upya nafasi ya kuingilia ileile uliyo nayo; waraka wa utumishi wa tarehe 30 Novemba 2010 unakataza. Omba uhamisho kupitia ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi, ukianza na kutafuta mwenzako wa kada na daraja lako anayetaka kubadilishana, kwa kuwa ombi lenye mbadala halimwachii mwajiri pengo.

Siku ya kuondoka, upande wowote, kabidhi kwa maandishi funguo, mashine, stoo ya vitendanishi ikiwa na tarehe za kuisha muda, na majibu ambayo hayajatoka. Saini za wote wawili, nakala mbili, moja ibaki kwako.